Dawa za kupe wa mbwa: Faida iko kwenye kipimo, si kwenye jina la mmea

Biashara ya dawa za kupe wa mbwa imegawanyika katika rafu mbili. Rafu ya kwanza ina chupa za mafuta ya mwarobaini, sabuni za majani na unga wa mimea, mali ambayo muuzaji huinadi kwa neno moja tu: asili. Rafu ya pili ina dawa za viwandani, yaani maji ya kuogeshea, mikanda ya shingoni, dawa za kudondosha mgongoni na vidonge vya kutafuna. Mteja akifika dukani huuliza ni ipi iliyo bora. Muuzaji anayejibu kwa kubahatisha huuza mara moja, na mteja hamwoni tena.

Swali hilo lina uzito wa fedha. Wanunuzi wakubwa wa dawa hizi ni wenye mbwa wa ulinzi majumbani, kampuni za ulinzi, na wafugaji wanaozalisha mbwa wa kuuza. Kwao mbwa ni mali ya kazi. Mbwa mmoja aliyefundishwa akifa kwa ugonjwa wa kupe, hasara yake hupita gharama ya dawa ya mwaka mzima. Kwa mwenye duka nako kuna hasara ya aina yake: chupa zilizododa, mali iliyokwisha muda, au mteja anayerudi na mzoga.

Ukweli wa soko hili ni kwamba mgawanyo wa asili na kemikali haumsaidii sana mfanyabiashara. Kinachotenganisha mali ya kuaminika na mali ya kubahatisha ni kipimo: je, nguvu ya dawa inajulikana, na je, siku za kinga yake zinajulikana?

ADUI ANAISHI UKUTANI

Kupe anayewasumbua mbwa wengi wa mijini ni kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye kitaalamu anaitwa Rhipicephalus sanguineus. Tofauti na kupe wengi wa porini, huyu anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya banda au nyumba. Jike akishashiba damu hudondoka, hutafuta ufa wa ukuta au wa sakafu, na hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000. Watoto wakianguliwa humpanda mbwa, hunyonya, hudondoka, hujibadili, kisha hupanda tena. Hufanya hivyo mara tatu kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. Kupe mkubwa aweza kukaa miezi mingi bila kula akisubiri mbwa apite.

Kwa hiyo kupe wanaoonekana mwilini ni sehemu ndogo ya deni lote. Dawa inayowaua hao tu, na kuisha nguvu kesho yake, humwacha mbwa wazi kwa wale walioko ukutani. Hapa ndipo malalamiko mengi ya wateja huanzia, na dawa nzuri hulaumiwa kwa kosa la banda.

Jambo la pili ni magonjwa. Kupe huyu hueneza erlikia, ugonjwa unaoleta homa, kukosa hamu ya kula, kukonda na wakati mwingine kutokwa damu puani. Hueneza pia aina mojawapo ya babesia, inayoharibu chembe nyekundu za damu. Tiba ya erlikia kwa kawaida ni doksisaiklini kwa muda wa siku 28 hivi, mbali na ada ya daktari na vipimo. Majaribio yameonyesha kuwa kupe aliyeambukizwa aweza kupitisha erlikia kwa mbwa saa chache tu baada ya kung'ata. Dawa inayoua kupe polepole, baada ya siku mbili au tatu, inapunguza idadi yao lakini huenda isizuie ugonjwa.

RAFU YA MITISHAMBA

Mwarobaini ndio unaoongoza kwa jina. Mti huu, uliotoka Bara Hindi na kuenea katika pwani na bara la Afrika Mashariki, una kiini kinachoitwa azadiraktini, ambacho wanasayansi walikitenga kutoka kwenye mbegu mwaka 1968. Kiini hicho huvuruga ukuaji wa wadudu na kuwapunguzia hamu ya kula. Majaribio ya maabara yaliyofanywa Brazil juu ya kupe huyu huyu wa mbwa yalionyesha kuwa maji yaliyotolewa kwenye majani ya mwarobaini huharibu mayai yanayokua ndani ya kupe jike. Hizo ni habari njema kwa muuzaji, ila zisomwe vizuri. Kuharibu mayai si sawa na kumwangusha kupe leo. Isitoshe, azadiraktini huharibiwa haraka na jua, hivyo mbwa anayelala uani huhitaji kupakwa tena na tena. Na mbegu, majani na mafuta havina nguvu sawa. Mafuta ya msimu huu yaweza kuwa tofauti na ya msimu uliopita kutoka kwa mkamuaji yule yule.

Utupa, mmea ambao wavuvi wa zamani waliutumia kulewesha samaki, hutumiwa na baadhi ya wafugaji kuogeshea mifugo. Nguvu yake hutokana na rotenoni na jamii yake. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliochunguza utupa wa Malawi, na matokeo yake yanapaswa kumshtua mnunuzi wa jumla: mimea inayofanana kwa macho ilikutwa kuwa ya namna mbili, mmoja una rotenoni na mwingine hauna. Mkulima aliyepanda namna ya pili anavuna majani mabichi mazuri yasiyoua kitu. Tena rotenoni yenyewe si mchezo. Huua samaki kwa kiasi kidogo, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa panya waliopewa sumu hiyo kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Neno "asili" kwenye chupa ya utupa halimaanishi "salama".

Yapo pia mambo ambayo duka la heshima halipaswi kuyauza wala kuyashauri. Kitunguu saumu na kitunguu maji, vikilishwa mbwa kwa kiasi kikubwa, huvunja chembe zake nyekundu za damu. Kwa hiyo mwenye mbwa anayekusudia kumkinga na babesia kwa kumlisha saumu aweza kumwongezea tatizo lile lile. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa huunguza ngozi, na mbwa anapojilamba humeza sumu.

SOMO LA PARETO

Mmea mmoja umefanikiwa kutoka shambani na kuingia katika biashara ya dunia nzima, nao ni pareto. Maua yake yaliyokaushwa yana pairethrini kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 hivi. Dawa hiyo humwangusha mdudu kwa dakika chache, na haina madhara makubwa kwa mbwa ikitumiwa ipasavyo. Udhaifu wake ni kwamba jua huivunja upesi.

Pareto iliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo kadhaa nchi hiyo iliongoza duniani kwa kuuza zao hili. Tanzania nayo hulilima katika nyanda za juu za Iringa, Njombe na Mbeya, na kiwanda cha kulisindika kiko Mafinga. Rwanda hulilima katika eneo la Musanze.

Siri ya zao hilo kukubalika nje ilikuwa kupimwa. Nchini Kenya mkulima alilipwa kwa kuangalia kiasi cha pairethrini kilichomo ndani ya maua yake, si kwa uzito peke yake. Mnunuzi wa ng'ambo alijua anachokipata. Iligunduliwa pia kuwa mafuta ya ufuta huongeza nguvu ya pairethrini, na kuanzia miaka ya 1940 ikatengenezwa kemikali ya kufanya kazi hiyo hiyo kwa uhakika zaidi.

Lakini pareto ina somo la pili. Wanasayansi waliichunguza pairethrini wakaiga umbile lake viwandani. Mwaka 1973 kundi la Michael Elliott wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, lilitangaza permethrini, ambayo haivunjwi na jua kwa haraka. Zikafuata saipamethrini na deltamethrini, majina ambayo leo yako kwenye lebo za maduka yote ya pembejeo. Kwa maneno mengine, nyingi ya zile zinazoitwa kemikali ni wajukuu wa ua la pareto. Wakati huo huo, wakulima wa Kenya walikumbwa na malipo yaliyochelewa, wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi au kufuga ng'ombe wa maziwa, na uongozi wa soko ukahamia Tasmania, Australia. Mwekezaji anayefikiria kununua mtishamba kwa wingi akumbuke kuwa ubora wa mmea haukutosha kuilinda biashara hiyo pale malipo yalipoyumba.

RAFU YA KEMIKALI

Amitrazi ndiyo ya bei nafuu na inayofahamika zaidi kwa wafugaji. Hutumika kama maji ya kuogeshea, na kupe huachia ngozi na kudondoka. Maji yake yaliyochanganywa hayawekwi akiba. Yatumike siku hiyo hiyo. Ikizidi kipimo humlegeza mbwa, humfanya asinzie, na mapigo ya moyo hupungua. Mbwa wadogo sana wa aina ya Chihuahua, watoto wa mbwa na mbwa wagonjwa si wa kujaribiwa. Dawa za amitrazi zilizosajiliwa kwa ng'ombe pekee zisiuzwe kwa mwenye mbwa kwa kisingizio kuwa ni kitu kimoja.

Jamii ya permethrini huua kupe, na permethrini yenyewe humfukuza kabla hajang'ata. Hatari yake kubwa ni paka. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini, na dawa ya mgongoni ya mbwa ikimgusa paka yaweza kumuua. Muuzaji aulize kila mara: kuna paka nyumbani? Swali hilo moja limeokoa paka wengi na sifa za maduka mengi.

Fipronili iliingia sokoni miaka ya 1990 ikiwa dawa ya kupuliza na ya kudondosha mgongoni, na kwa kawaida humkinga mbwa na kupe kwa takriban mwezi mmoja. Haifai kabisa kwa sungura.

Kundi jipya ni la vidonge vya kutafuna, vilivyoanza kuenea tangu mwaka 2014. Afoxolaneri hukinga kwa mwezi mmoja hivi, na fluralaneri kwa wiki 12 dhidi ya kupe wengi. Hapa hakuna kuogesha wala kulowa mvua. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuwa baadhi ya mbwa waliopewa dawa za kundi hili walipata kutetemeka au kifafa, hivyo mbwa mwenye historia ya kifafa apelekwe kwa daktari wa mifugo kwanza. Kidonge huuzwa kwa uzito wa mbwa. Kukata kidonge cha mbwa mkubwa ili kuwagawia wadogo wawili ni kuvuruga kipimo.

HESABU YA SIKU YA KINGA

Mteja hutazama bei ya chupa. Mfanyabiashara makini humfundisha kutazama bei ya siku moja ya kinga. Bei hutofautiana mji kwa mji, hivyo zilizotumika hapa chini ni za mfano tu, na kila muuzaji aweke zake.

Chukulia mafuta ya mwarobaini, chupa ya mililita 250 kwa Sh. 5,000. Mbwa mmoja hupakwa mililita 25 kila baada ya siku mbili. Chupa inatoa mipako 10, yaani siku 20. Gharama ya siku ni Sh. 250.

Chukulia amitrazi, chupa ya mililita 100 kwa Sh. 8,000, yenye lebo inayotaka mililita 2 kwa lita moja ya maji. Mbwa wa wastani akitumia lita 3, kila kuogesha kunakula mililita 6. Chupa inatoa kuogesha mara 16. Kwa mara moja kwa wiki, hizo ni siku 112, sawa na Sh. 71 kwa siku.

Chukulia kidonge cha wiki 12 kwa Sh. 84,000. Siku ni 84, na gharama ni Sh. 1,000 kwa siku.

Kwa mfano huu, chupa iliyoonekana rahisi kuliko zote imegharimu zaidi ya mara tatu ya amitrazi kwa siku. Sasa hesabu hiyo ipelekwe kwenye banda la mbwa watano kwa siku 84. Amitrazi itataka mililita 360, yaani chupa 4 kwa Sh. 32,000, na kuogesha mara 60. Mwarobaini utagharimu Sh. 105,000, na kupaka mara 210. Vidonge vitagharimu Sh. 420,000, na kazi yote ni kumpa kila mbwa kidonge kimoja.

Hapo kila mteja anajipanga mwenyewe. Mwenye mtumishi wa kuogesha mbwa na maji ya kutosha atachukua amitrazi. Kampuni ya ulinzi yenye mbwa waliotawanyika katika malindo mbalimbali yaweza kuona kidonge kina nafuu, maana mbwa aliyekosa kuogeshwa wiki mbili ni mbwa asiye na kinga. Mwenye mbwa mmoja wa kupendwa, anayemchana manyoya kila jioni na kumtoa kupe kwa mkono, aweza kutumia mwarobaini kama nyongeza na akaridhika. Ila auziwe kwa jina hilo, nyongeza, na asiahidiwe kinga dhidi ya erlikia.

HATARI KWA MTAJI

Hatari ya kwanza ni usajili. Nchini Kenya bidhaa za kuua wadudu husajiliwa na Bodi ya Udhibiti wa Viuatilifu chini ya sheria ya mwaka 1982. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inayosimamia pia dawa za mifugo. Kiuatilifu kilichotengenezwa kwa mmea hakipiti mlango wa nyuma. Nacho hutakiwa kusajiliwa. Mali isiyo na namba ya usajili yaweza kukamatwa, na mtaji ukapotea kwa siku moja.

Hatari ya pili ni kumimina. Dawa ikitolewa kwenye kopo lake na kuwekwa katika chupa ya soda au ya maji, imepoteza lebo, kipimo na tarehe ya kwisha muda. Mtoto akiinywa, hakuna maelezo yatakayomwokoa muuzaji. Mteja mwenye fedha kidogo auziwe kopo dogo la kiwandani, hata kama faida yake ni ndogo.

Hatari ya tatu ni usugu. Wafugaji wa ng'ombe wanaijua historia hii. Aseniki ya majosho ilianza kushindwa na kupe wa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1930, na dawa zilizofuata zikapita njia ile ile. Kwa kupe wa mbwa, watafiti wa Marekani wameripoti kuwepo kwa wale wasiouawa na permethrini. Usugu huharakishwa na dawa iliyozimuliwa kupita kiasi, yaani na wale wanaojidai kubana matumizi. Duka lenye dawa za jamii moja tu, hata kama ni za majina kumi tofauti, limeweka mayai yote katika kapu moja. Muuzaji asome kiambato, asidanganywe na picha ya kwenye boksi.

MWENYE MTAJI MDOGO AANZIE WAPI

Anayeanza anashauriwa kugawa fedha yake kwa jamii za dawa: aina moja ya kuogeshea, aina moja ya mgongoni, na vidonge vichache vya uzito unaouzika katika mtaa wake. Vidonge ni ghali na hulaza mtaji, hivyo viagizwe kwa oda ya mteja pale inapowezekana. Rafu ya mitishamba isifutwe, maana wateja wake wapo na wanaongezeka. Ipewe nafasi bidhaa yenye kiasi cha kiambato kilichoandikwa, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Mtengenezaji asiyeweza kusema mafuta yake yana azadiraktini kiasi gani apewe muda akapime, kisha arudi.

Biashara inayosahauliwa na wengi ni ya banda lenyewe. Kila anayenunua dawa ya mbwa anahitaji kuziba nyufa, kuchoma matandiko ya zamani na kupulizia kuta na sakafu kwa dawa iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, mbwa wakiwa nje, kisha kurudia baada ya wiki chache mayai yanapoanguliwa. Mwenye duka anayekodisha bomba la kupulizia na kuuza glavu ameongeza pato, na amepunguza malalamiko. Kupe wa bandani hasubiri masika; mauzo haya yapo mwaka mzima.

Kabla ya kumlipa muuzaji wa jumla, maswali ya kuuliza ni matatu. Kiambato ni nini na kwa kiasi gani? Kinga ni ya siku ngapi? Imesajiliwa kwa mbwa au kwa mnyama mwingine? Chupa yenye majibu hayo matatu iingie dukani, iwe imetoka shambani au kiwandani. Isiyo na majibu irudishwe kwenye gari lililoileta.